Pini ya fimbo ya pool haitolewi kwa nyundo

Najua umefungua kurasa hizi ukitafuta Simba na Yanga. Wapo, wenzangu wamewajaza kurasa za jirani. Mimi leo naomba niitumie nafasi yangu kuzungumzia fimbo ya pool, tena kipande chake kimoja kisichozidi urefu wa kidole. Ni ile pini ya chuma inayounganisha nusu ya nyuma ya fimbo na nusu ya mbele.

Sababu ninayo. Jamaa yangu mmoja wa Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, anaendesha bodaboda mchana na jioni anacheza pool kwenye kijiwe kimoja kisicho mbali na Kanisa Kuu. Anajua kucheza, bana. Nimemwona akimaliza meza nzima huku mpinzani ameegemea ukuta, hajagusa hata chaki. Mwaka jana alinunua fimbo yake mwenyewe, ya mkononi, kwa kijana aliyetoka kufanya kazi upande wa Kahama. Ni zile za vipande viwili, unazifungua na kuzitia kwenye mfuko wake. Kwa kijiwe ambacho fimbo zote ni za kipande kimoja, nyingine zimepinda kama zimeota hivyo, huyu alikuwa kama mchezaji wa ndondo aliyekuja na daluga mpya.

Ijumaa moja, siku mbili kabla ya bonanza la vijiwe ambalo mshindi alikuwa anaondoka na mbuzi, fimbo iligoma kufunguka. Jumamosi tukaipeleka kwa fundi. Jumapili jamaa yangu akacheza kwa fimbo ya kijiwe, akatolewa raundi ya kwanza na mtu ambaye humfunga akiwa anaongea na simu.

Nataka niwaeleze kilichotokea Jumamosi ile, maana na mimi nilikuwepo, na nilikubali.

Tulikwenda kwenye karakana ya mtaani, ya watu wa karasha na pampu za migodini. Mkoa wetu haukosi mafundi wa namna hiyo. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, dhahabu nayo ipo Kahama na Geita, na pembeni ya kila mgodi pakaota gereji. Mtoto wa huku anakua akiona bolti iliyoganda ikitolewa. Mimina dizeli, ngoja kidogo, gonga. Ikikataa, choma kwa gesi hadi iwe nyekundu, vika bomba kwenye spana ili upate mkono mrefu, vuta. Hata kotapini ya baiskeli ya Phoenix, ambayo kila mwendesha baiskeli wa Shinyanga amewahi kugombana nayo, mwisho wake ni nyundo.

Fundi akaibana fimbo kwenye jiliwa. Akamwaga dizeli kwenye kiungo. Akawasha gesi.

Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, kutu inaachia. Hesabu hiyo ni sahihi kwa karasha. Lakini fimbo ya pool ni mti. Pini ya chuma imezama ndani ya mti na kushikwa na gundi, na kwa nje kuna pete nyembamba ya shaba au ya plastiki inayozuia mti usipasuke. Moto wa gesi hauichagui pini. Unakula mti kwanza, pete inalegea, na dizeli uliyoimwaga inaingia kwenye nyuzi za mti na kukaa humo, kiasi kwamba hata gundi mpya haitashika tena. Tulisikia mlio mmoja tu, kama kuni kavu. Nusu ya mbele ilikuwa imepasuka kiganja kizima kutoka kwenye kiungo. Fundi akatuangalia, akasema kwa upole, "Mti wenyewe ulikuwa mbovu, wadogo zangu." Haukuwa mbovu. Ila simlaumu sana, maana tulimpelekea kazi isiyo yake na hatukumwambia chochote.

Wiki iliyofuata nikachukua nusu ya nyuma, pini ikiwa bado imo na sasa imepinda kwa nyundo, nikampelekea mzee mmoja anayetengeneza redio. Mtu aliyenielekeza kwake aliniambia kitu kimoja tu, kwamba mzee yule hana haraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiki ni kiguu cha meza?"

Nikamweleza. Akaivaa miwani, akaizungusha fimbo, akaigusa pini kwa ukucha. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: nani alitia pini hii? Kwa sababu, alisema, si yake.

Na kweli haikuwa yake. Ilibidi nimpigie simu jamaa yangu akiri. Miezi mitatu nyuma pini ya asili ililiwa thredi, fimbo ikawa inacheza kwenye kiungo. Akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akaomba bolti inayolingana kwa macho. Akapewa ya milimita 8. Akakata kichwa kwa msumeno wa chuma, akaing'oa ile ya zamani kwa praizi, akaitia mpya kwa supa gluu.

Hapa ndipo ugonjwa ulipo, na naomba wachezaji wa pool wanisikilize. Pini za fimbo hizi nyingi zimetengenezwa kwa vipimo vya inchi. Moja inayoonekana sana ni ya inchi 5 kwa 16, yenye thredi 18 kwa kila inchi. Ukiipima kwa milimita unapata 7.94. Bolti ya duka la kwetu ni 8. Tofauti hiyo huioni kwa jicho wala huisikii kwa kidole. Lakini hatua ya thredi haifanani. Ya inchi, kutoka jino moja hadi jino la pili ni milimita 1.41, na ya bolti ya dukani ni 1.25. Kwa hiyo inaingia. Mzunguko wa kwanza inakwenda vizuri, wa pili inakaza kidogo, unasema safi, sasa imeshika. Wa tatu meno ya chuma yanaanza kuyakata meno ya shaba yaliyo upande wa pili. Ukilazimisha, umeifunga fimbo yako moja kwa moja. Jamaa yangu alilazimisha kila jioni kwa miezi mitatu.

Mzee hakuwa na gesi. Alikuwa na ile pasi ndogo ya kuchomelea risasi, ya kazi zake za redio. Akachukua kitambaa, akakilowesha maji, akakikamua, akakizungushia kwenye pete ili joto lisifike kwenye mti. Akaweka ncha ya pasi juu ya kichwa cha pini. Akakaa. Mimi nikidhani amelala, maana dakika zilikwenda, mteja mmoja akaja na kuondoka, redio moja mezani ikasoma taarifa ya habari ikamaliza. Joto lilikuwa linashuka taratibu ndani ya chuma mpaka kwenye gundi. Gundi hizi, iwe supa gluu au ile ya kuchanganya ya tyubu mbili, haziyeyuki kama nta, lakini zikipata joto la kutosha zinalegea na kuachia. Hazihitaji chuma kiwe chekundu.

Kisha akachukua nati mbili za milimita 8, maana hiyo ndiyo ilikuwa saizi ya pini iliyowekwa. Akazisokota zote mbili juu ya pini sehemu iliyonyooka, akazikaza moja dhidi ya nyingine mpaka zikashikana. Hapo pini imepata kichwa. Akatia spana kwenye nati ya chini, ile iliyo karibu na mti, si ya juu. Ya juu ungeifungua nati yenyewe, pini ikabaki. Akajaribu kidogo tu. Ikagoma. Hakuongeza nguvu. Akarudisha pasi. Mara ya tatu pini ikasogea robo mzunguko, ikatoa mlio mdogo, na baada ya hapo ilitoka kama skrubu ya kawaida.

Praizi hakuigusa kabisa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema praizi inakula thredi, na thredi ikishaliwa huna tena pa kushika.

Nikauliza je, ingekuwa imekatikia ndani? Akasema kama imebaki hata milimita chache nje, unapiga tupa pande mbili zikawa bapa, unaishika kwa spana ndogo, au unachonga mfereji juu yake unatumia bisibisi. Ikikatikia chini ya usawa wa mti, hiyo si kazi yake wala ya mtu mwenye drili ya mkononi. Inatakiwa mashine ya kukereza, fimbo ishikwe katikati kabisa, utoboe pini yenyewe kwa kuanza na tundu dogo. Ukienda upande, umetoboa mti.

Na kutoa pini ni nusu ya kazi. Tundu likishapanuka linazibwa kwa kijiti cha mti mgumu, linatobolewa upya, na tundu jipya lazima liwe katikati na linyooke. Nilikaa nikapiga hesabu. Nusu ya mbele ya fimbo ina sentimita 70 na kitu. Pini ikilala kwa digrii moja tu, ncha inahama zaidi ya sentimita moja. Kwenye mchezo ambao unaugusa mpira mweupe kushoto au kulia kwa upana wa punje ya mahindi ili ukakae sehemu unayotaka, sentimita moja ni sawa na mshambuliaji kupewa daluga zote mbili za mguu wa kushoto. Njia ya kupima ni rahisi: iviringishe fimbo juu ya kioo kilichonyooka, uangalie mwanga unaopita chini yake. Ukiona mwanga unafunguka na kufunga, fimbo imepinda.

Mtasema, sasa mwandishi wa mpira yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu haya nimeyaona kwenye soka, ila kwenye soka tumeyapatia jibu. Kila timu, hata ya daraja la chini, ina mtunza vifaa. Ndiye anayejua daluga ya nani imeachia soli, na ndiye anayekimbia sokoni kwa fundi viatu saa nne asubuhi ili saa kumi winga awe uwanjani. Sokoni kwetu wapo mafundi wanaoshona daluga kwa uzi wa nailoni na sindano nene, ikarudi uwanjani ikamaliza mashindano. Nimeona ndondo zilizoamuliwa na kiatu kilichoshonwa asubuhi ile ile. Hawa watu hawatajwi kwenye ripoti zetu, na mimi ni mmoja wa wasiowataja.

Stand United, Chama la Wana, ilitoka kwa watu wa stendi ya mabasi ikapanda mpaka Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Ilishuka mwaka 2019, na mashabiki wa Kambarage bado wanauguza. Lakini ile safari ya kutoka stendi haikuanza na basi la kisasa na jezi za kiwandani. Ilianza na watu waliokuwa wanarekebisha walichonacho. Pool ya Ngokolo ipo hapo sasa hivi, ila haina hata fundi wa kurekebisha.

Wapo wanaosema pool si mchezo, ni uvivu na bia. Mwaka 2016 viongozi kadhaa wa serikali walikuja juu kuhusu vijana kucheza pool asubuhi, na polisi wakapita vijiweni. Mimi sitetei mtu anayeshika fimbo saa mbili asubuhi wakati watoto wake hawajanywa uji. Lakini bodaboda anayepaki saa moja usiku na kuweka mia tano yake mezani amemkosea nani? Na tusisahau, mchezo huu umewahi kuwa na mashindano ya taifa yenye mdhamini wa maana. Miaka ile Safari Lager ilipotia mkono, mabingwa wa mikoa walikuwa wanasafiri kwenda kukutana, na kurasa hizi hizi ziliandika. Mdhamini alipopoa, tukabaki na meza, chaki na fimbo zilizopinda.

Kinachoniuma ni kwamba mchezaji mzuri wa pool hawezi kukua kwa fimbo za kijiwe. Nyingi hazina hata ngozi ya ncha. Mtu anaisugua ncha ukutani au kwenye sakafu ya saruji ili ikwaruze, anapaka chaki juu ya mti mtupu, anapiga. Mpira mweupe unateleza. Siku akipata fimbo nzuri anajifunza upya kila kitu. Na siku fimbo hiyo ikiharibika anarudi alikotoka.

Hata wakubwa inawagusa. Stephen Hendry wa Scotland, bingwa wa dunia mara 7 wa snooker, mchezo ambao ni ndugu wa pool, alicheza maisha yake yote ya ubingwa na fimbo aliyokuwa nayo tangu utotoni, ya bei ya kawaida tu. Mwaka 2003 ilivunjikia safarini, kwenye mizigo ya ndege. Akashinda mataji mengine baada ya hapo, lakini ubingwa wa dunia hakuupata tena. Sisemi ni fimbo peke yake. Taji lake la mwisho la dunia lilikuwa la 1999, na umri nao ulikuwa unasogea. Lakini hata mtu mwenye mataji 7 na fedha za kununua fimbo yoyote duniani aliguswa na kipande cha mti. Sembuse bodaboda wa Ngokolo ambaye fimbo ile ndiyo ya kwanza, na huenda ikawa ya mwisho.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu watatu.

Wa kwanza ni waandaaji wa mabonanza ya pool, wa hapa Shinyanga, Kahama na Geita. Mnapopanga bajeti ya mbuzi na vinywaji, wekeni na ya fundi. Mtu mmoja, meza moja, pasi ya risasi, kitambaa, nati za saizi mbili tatu, msasa, ngozi za ncha na gundi. Akae pale siku nzima kama mtunza vifaa anavyokaa benchi. Hatapungua kazi, nawaambia.

Wa pili ni VETA. Chuo kipo hapa Shinyanga, kinafundisha vijana useremala na kazi za chuma. Fimbo ya pool ni mahali ambapo mambo hayo mawili yanakutana kwenye sentimita tano. Wapeni wanafunzi kazi ya kutoa pini, kuziba tundu, kutoboa katikati. Wakiweza hiyo, wataweza pia kunyoosha magoli ya shule zetu yaliyolala. Na mti hatukosi. Mninga upo, na mpingo ambao Wazungu wanautengenezea zumari zao za kilarineti unaota nchini humu. Kijana akijua kukereza, kwa nini nusu ya mbele ya fimbo iliyopasuka isitengenezwe hapa hapa? Mti wa kufaa sehemu hiyo ya mbele wataujua wao kwa kujaribu. Wenzetu Ulaya hutumia mti wenye nyuzi zilizonyooka, na Marekani wana wao.

Wa tatu ni wewe mwenye fimbo. Usikaze kiungo kama unafunga tairi la fuso, kikigusana, kinatosha. Kifute vumbi kabla ya kufunga. Supa gluu isikaribie pini. Kikigoma, usilete praizi wala dizeli. Kata vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, vizungushie pande zote mbili za kiungo, mwite mwenzako, kila mmoja ashike upande wake kwa mikono na mzunguke taratibu. Mara nyingi inaachia hapo. Isipoachia, tafuta mzee wa redio, mwachie fimbo, kanywe chai.

Jamaa yangu hajarudi kwenye bonanza. Anakuja kijiweni, anakaa kwenye pikipiki, anaangalia. Juzi nilimwambia nusu ya nyuma imepona, tundu limezibwa na kutobolewa upya kwa fundi kereza mmoja ambaye mzee alituelekeza, nikaiviringisha kwenye kioo mbele yake na mwanga haukufunguka popote. Akaishika, akaipima mkononi, akacheka kidogo. "Sasa kaka," akaniambia, "nusu ya mbele na pini tunatoa wapi?"

Ya mbele fundi kereza amesema atajaribu, ana kipande cha mti kinachokauka tangu kiangazi. Pini ndiyo shida. Nimepita maduka manne mjini, yote yananipa bolti ya milimita 8 na kuniapia kwamba ni ile ile. Msomaji mwenye pini au bolti ya inchi 5 kwa 16, thredi 18, tena iliyonyooka, atupitishie pale kijiweni Ngokolo jioni yoyote. Amuulize yule anayekaa kwenye pikipiki bila kucheza.